Mtani Alipomrudisha Kuku

Siku tuliyomzika shoga yangu Mwanakombo, mtani alitapika uani kwa wafiwa, na sisi tukacheka.

Tulicheka kwa sababu ndivyo inavyopasa. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, na mtani akifika msibani hakuna wa kumkataza. Atalala kaburini akisema hapa pananitosha, mchimbieni mwenzenu kwingine. Atanyakua kitu chochote cha uani akaondoka nacho. Kazi yake ni kuwatoa wafiwa machozi ya aina nyingine.

Huyu wa kwetu aliitwa Kapela, fundi baiskeli wa mji wa jirani, mzaliwa wa Tabora, ambaye baba yake aliwahi kukata mkonge huku Kwamtunda zamani. Alipopata habari ya msiba alipanda baiskeli, na badala ya kupita lango la mtaa kama wageni wengine akakatiza mashambani. Alisimama katikati ya uwanja, akabana pua kwa vidole viwili, akapaza sauti:

"Enyi Wazigua! Nimeambiwa maiti ni mmoja. Mbona mtaa mzima unanuka maiti?"

Wanawake tuliokuwa tunachambua mchele tukavunjika mbavu.

"Hilo ni kwapa lako, mtani," nikamjibu mimi. "Limechoka safari."

"Kwapa langu, we bibi, mbele ya mtaa huu ni marashi ya kumtolea posa binti ya mfalme!"

Basi hapo hata Mzee Mhina, mume wa marehemu, ambaye tangu mkewe akate roho alikuwa amekaa kama gunia lililoegemezwa ukutani, akainua uso. Na Kapela alipokimbilia nyuma ya mpapai, akainama, akatapika kwa sauti, Mzee Mhina akacheka mpaka akafuta macho.

"Watani wa siku hizi," akasema, "wanakuja wamejiandaa."

Nikamchotea mgeni maji kwa kata nikampelekea. Aliyasogeza puani, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa, akayamwaga yote chini.

"Haya ndiyo mnayokunywa?"

"Haya haya. Na marehemu ndiyo aliyokunywa mpaka pumzi ya mwisho."

"Ndiyo maana ni marehemu."

Uwanja mzima ukalipuka. Nakumbuka nilipiga paja kwa kucheka. Mwanakombo aliondoka kwa tumbo la kuendesha, na mimi niliyemfulia mashuka nilipiga paja nikacheka.

Mtani akamnyakua mtetea wangu mwekundu, akamfunga miguu, akamtundika kwenye usukani. Haki yake. Tukaenda kuzika, tukarudi, watu wakala. Yeye hakula. Alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria, nikaona kivuli chake. Alikuwa amempakata yule kuku. Akamfungua kamba, akaniwekea mikononi.

"Chukua kuku wako."

Nikamtazama kuku, nikamtazama yeye. Katika umri wangu huu wote nimeona mtani akinyakua kitanda, nimeona akinyakua viatu vya shehe. Sijawahi kuona mtani akirudisha. Alichonyakua mtani kimekwenda. Akikirudisha, maana yake utani umekufa hapo hapo mlipo, na yaliyobaki kusemwa ni mambo ya watu wazima.

"Nimeuweka utani chini, mama," akasema. Hakuniita bibi. "Maji yenu yameoza. Uchafu wa Bwawa umeingia kisimani. Nimesema tangu asubuhi kwa kila namna niliyojaliwa, na kila nikisema mnacheka. Nifanyeje na mimi nimezaliwa mtani wenu?"

"Lakini harufu ya maji naisikia," nikamwambia. "Yai viza, na choo kwa mbali. Siku zote."

Nilisema hivyo kama mtu anayesema kitambaa hiki ni cha kijani.

"Unaisikia?"

"Naisikia vizuri."

"Na unakunywa?"

Nikatazama maji niliyosugulia sufuria.

*

Bwawa liko bondeni, ng'ambo ya kisima chetu. Miji mikubwa ya pwani inaleta taka na maji machafu kwa bomba. Wadudu waliofugwa humo wanavitafuna, wanatoa gesi, gesi inatoa umeme, na umeme unarudi mjini. Kwamtunda tukapata taa, zahanati na shule yenye vioo. Mwanzoni watu walipiga kelele kuhusu uvundo, wengine wakafunga virago. Kisha kelele zikaisha. Tukasema tumezoea. Mwenyewe nilikuwa nikiwaambia wanawake wadogo wa mtaani: mwanadamu ni mazoea, wanangu, subirini tu.

Kwa subira nilisifiwa sana. Marehemu mume wangu, Semboja, alilala kitandani mwezi juu ya mwezi, mgongo umetoka vidonda, vidonda vimeingia usaha. Nilimgeuza, nikamsafisha, nikamlisha nikiwa nimekaa pale pale alipolala, na miezi ile ya mwisho sikugeuza uso hata siku moja. Watu walisema, mke ni Mwantumu. Yeye mwenyewe alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, miezi hii hujanionyesha kinyaa hata mara moja. Mungu amekuona." Nikalia kwa furaha. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo duniani. Mwenye dhahabu ana dhahabu. Mimi nilikuwa na hayo.

Baada ya mtani kuondoka nilikaa jikoni na mtetea wangu miguuni, nikaanza kufikiri taratibu, maana mimi haraka siiwezi. Lugha yetu ina jambo lake. Rangi tunaiona, chumvi tunaionja, lakini harufu tunaisikia. Na kusikia kuko kwa namna mbili. Mtoto unamwita, anasikia sauti yako, na hasikii. Je, kama sisi sote Kwamtunda tumekuwa yule mtoto?

Na nani aliyetutia nta masikioni?

Nikamkumbuka binti yangu Zahabu, muuguzi wa zahanati ya Bwawa. Anakaa juu kilimani kwenye nyumba za watumishi, upande unakotokea upepo. Kila Ijumaa huja kunisalimia. Leso haimtoki puani, leso iliyopakwa ndimu. "Mafua, Mama." Maji kwangu hanywi. "Nimeshakunywa, Mama." Chakula changu anakipakua, anakisukuma pembeni, anasema ameshiba. Nilidhani ni maringo ya mshahara. Nikamsamehe.

Nikachukua chupa ya chai, ile ninayompelekeaga uji wa tangawizi. Nikaijaza maji ya mtungi. Nikafunga vizuri, nikapanda kilima.

*

"Mama! Umepanda jua lote hili? Si ungenipigia nije?"

"Nimekuletea uji, mwanangu. Wa tangawizi. Ukinywa ungali moto utakutoa hayo mafua."

Akafurahi kama mtoto. Akaleta kikombe, akaketi mkekani mbele yangu, akafungua kifuniko.

Ndipo nilipouona ule uso.

Sijui nikueleze vipi. Pua ilijikunja, mdomo wa juu ukapanda ukaonyesha meno, macho yakafumba nusu, shingo ikarudi nyuma, na koo likafanya ule mwendo wa mtu anayezuia kitu kisipande. Ni uso ambao kila mtoto mchanga huzaliwa nao. Haufundishwi na mtu. Nikatambua kwamba sijauona uso huo kwa mtu yeyote wa mtaani kwetu kwa muda ambao siujui. Hata watoto wachanga. Mama anambadilisha nepi mwanawe huku anakula embe. Tulikuwa tumeusahau.

Binti yangu alikuwa nao.

"Kumbe wewe unasikia," nikasema.

Akafunika chupa.

"Mama..."

"Haya ni maji ya kisima changu. Ndiyo aliyokunywa Mwanakombo. Ndiyo ninayokunywa mimi mama yako. Nijibu taratibu, Zahabu, sina haraka. Ulikuwa ukija kila Ijumaa, ukiyasikia mtungini, ukaniacha ninywe?"

"Nilipeleka taarifa kwa wakubwa. Walisema watapima. Kila mwezi wanasema watapima."

"Nimekuuliza habari yako, sikukuuliza ya wakubwa."

Akainama. Kisha akaanza, na akisema sauti yake ikawa ile ya kazini, kama anafundisha wanafunzi wa uuguzi. Nadhani ndiyo iliyomshikilia asianguke.

"Mama, macho na masikio na ngozi, habari zao zikienda kichwani hupita kwanza mapokezi. Zinapanga foleni. Harufu haipangi. Inatoka puani inaingia moja kwa moja chumba cha ndani. Humo mna kokwa dogo la nyama, mfano wa lozi, kila upande moja. Hofu inakaa hapo, na kumbukumbu ni jirani yake. Ubavuni kuna kunjo lingine limejificha, hilo ndilo linalokunja uso na kupindua tumbo. Ndiyo maana harufu mbaya inakukasirisha kabla hujajua ni ya nini."

"Endelea."

"Watu wa Bwawa walileta kitu kinaitwa Tulizo. Chembe kama punje ya ufuta. Inapulizwa puani, inapanda, inakaa mlangoni mwa lile lozi. Jina la harufu inaliacha lipite. Uzito wake inauzuia."

"Ile dawa ya mafua," nikasema. "Mliyowapangia watu mstari shuleni, na watoto mgongoni."

"Ndiyo."

"Na wageni wanaopuliziwa pale lango la mtaa."

"Hiyo ni ya muda, inaisha wakiondoka. Ya kwenu inakaa, na watoto wakizaliwa wanapuliziwa."

Nje kuna mtu alikuwa anafagia. Nilisikia ufagio. Nilitamani aendelee kufagia mpaka mwisho wa dunia ili nisiulize swali lililofuata.

"Mimi nilipuliziwa lini? Siku ya shule nilikuwa nimekaa na baba yako, sikwenda."

Zahabu akaanza kulia.

"Nilikupulizia mimi. Nyumbani. Ulikuwa umesinzia kwenye kiti. Mama, ulikuwa unatoka nje kutapika, unarudi unamsafisha, unatoka tena. Ulikuwa huli. Ulikuwa unamwambia Baba unakwenda kuangalia moto, na yeye alikuwa anajua. Alikuwa anageukia ukuta na kulia. Nikasema nikiwa na uwezo wa kuwaondolea hilo nyinyi wawili, kwa nini nisiwaondolee? Na angalia, Mama! Hukugeuza uso tena. Alikufa ameridhika!"

Sijui kama umewahi kuingia chumbani kwako ukakuta sanduku wazi. Kwanza huoni kilichokosekana. Unaona tu kwamba mkono wa mtu umepita.

"Ndiyo kusema," nikasema, "alipofurahi, hakuwa ananifurahia mimi. Alikuwa anaifurahia punje ya ufuta."

"Ulikuwa wewe, Mama! Mikono ilikuwa yako!"

"Mikono, ndiyo." Nikaitazama. "Hiyo Tulizo inajuaje harufu ipi ni mbaya?"

"Haijui. Hata lozi lenyewe halijui uvundo wala marashi. Lenyewe linaweka tu harufu hii ilikuja pamoja na jambo gani, zuri au baya. Tulizo inapima limeshtuka kiasi gani. Likishtuka sana, inalinyamazisha."

"Hata likishtuka kwa mapenzi?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikamwambia aniondolee. Alikuwa na sumaku ya kazini ya kuizima hiyo punje, umbo lake kama kalamu nene. Akaishika asinipe.

"Nikikuondolea, usishuke tena kule. Kaa na mimi huku juu. Nimekuandalia chumba, ni siku nyingi nimekiandaa. Lakini kule chini uwaache, Mama, nakuomba kwa maziwa yako. Wana pa kwenda? Kodi za mjini huzijui. Ukiwarudishia kinyaa utawarudishia na vitanda vyao, na vikombe vyao, na watoto wao walioogea maji yale. Mtu atamchukia mwanawe kwa harufu! Sasa hivi wanacheka. Uliwahi kuona mtaa unaocheka kama wetu?"

Haya maneno sikuyatupa. Nisingekuwa mkweli nikisema niliyatupa. Yana uzito wake, na mpaka leo nayapima.

"Wanacheka," nikasema, "na leo tumezika. Weka hiyo sumaku hapa."

Akaigusisha katikati ya macho yangu. Ilikuwa baridi. Sikusikia kitu.

"Lozi linaamka polepole," akasema. "Mama, unakwenda wapi?"

*

Nilipokuwa nikishuka, harufu ilikuja kama watu wanaofika msibani: mmoja, wawili, kisha umati.

Kwanza majani yaliyofyekwa. Kisha vumbi, na kitu kitamu kidogo chini yake, cha kuudhi, kama ndizi iliyosahauliwa kabatini. Kwenye kona ya msikiti ule utamu ukageuka ukawa nyama. Nikaharakisha nikidhani nitaupita. Haukupitwa. Uvundo ule haukuwa mahali, ulikuwa ndiyo hewa. Watoto walinikimbilia, "Shikamoo Bibi! Shikamoo!" wakanikumbatia miguu, na nywele zao zilizoogeshwa maji yale zikanipanda puani, na mimi, bibi yao, nikawasukuma.

Mmoja akaanguka. Hakulia. Alinitazama tu usoni akishangaa, maana uso ule hakuwa ameuona tangu azaliwe.

Nyumbani nilitapika kizingitini. Mtungi ulinuka, mto wa kulalia ulinuka, kanga niliyoivaa ilinuka, nikaivua, nikaona hata ngozi chini yake inanuka. Zahabu hakuniongopea. Nilisimama katikati ya nyumba niliyojengewa na mume wangu, sina pa kuweka mkono.

Ndipo nikakumbuka sanduku.

Chini kabisa nilikuwa nimeweka fulana yake ya mwisho, haikufuliwa. Baada ya kumzika nilikuwa nikiinusa, nasikia jasho, tumbaku na usaha, naona ni jasho, tumbaku na usaha. Sikulia. Nikajisifu kwamba nimeshapoa, subira imenizawadia. Nikaikunja, nikaiweka.

Nikaitoa, nikaiweka usoni.

Nikaitupa. Vidonda vile, Mungu wangu, vidonda vile! Nikatoka nje, nikashika ukuta, nikatema. Na nikiwa bado nimeshika ukuta nikamsikia. Si sauti. Yeye. Jasho lake la shambani chini ya ule ugonjwa, tumbaku yake ya Jumapili, na shingo yake alipokuwa kijana akinibeba kuvuka mto. Vyote vilikuja kwa pamoja, na uchungu wa kufiwa ambao ulikuwa unanisubiri mlangoni tangu siku ile ukaingia bila hodi.

Nikarudi ndani. Nikaiokota, nikaiweka tena usoni. Nikaenda nje, nikatapika, nikarudi. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi. Majirani walinisikia nikilia wakadhani namlilia Mwanakombo.

Nikaelewa mwanangu alichoniibia. Siku zile kabla hajanipulizia, nilipokuwa natoka kutapika na kurudi, natoka na kurudi, ule ndio ulikuwa mke. Kule kurudi. Semboja aliyegeukia ukuta akilia, pengine angeniona nikirudi mara nyingine, na nyingine, akajua. Sasa hatajua. Alikufa akimshukuru mtu ambaye hakuwa na cha kuvumilia.

*

Hitima ilisomwa kesho yake asubuhi, uani kwa Mzee Mhina. Nilikwenda nimejifunga kitambaa puani, na kikapu mkononi. Walipomaliza dua, kabla pilau haijapakuliwa, nikasimama.

"Jamani, nina neno."

"Sema, Bi Mwantumu."

Nikasema kwamba maji yameoza, hewa imeoza, na kwamba tumetiwa kitu puani tusijali.

Wakacheka, wakitazamana. "Bi Mwantumu naye amekuwa Mnyamwezi!" akasema mmoja. "Mpeni kuku!"

"Kuku ninaye," nikasema. Nikafungua kikapu, nikamtoa mtetea mwekundu, nikamweka chini katikati ya mkeka. "Mnamjua huyu?"

"Si ndiye aliyenyakuliwa na mtani jana?"

"Ndiye."

"Umemkomboa?"

"Sikumkomboa. Amemrudisha mwenyewe."

Kicheko kilikatika kama uzi. Kuku akajikung'uta, akadonoa punje ya mchele. Nikaona macho ya wazee yakimfuata, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee Mhina akavua kofia yake, akaishika mikononi.

"Mtani amemrudisha kuku," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo jana... yale aliyosema..."

"Yote."

"Hata lile la marehemu."

"Hata lile, shemeji."

Hapo langoni mwa ua Zahabu alikuwa amesimama. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa ameshika ile sumaku. Watu wakamwona, na kwa jinsi alivyokuwa amejikunyata, wakajua wa kuulizwa ni nani. Nikamfuata, nikanyoosha mkono, akaniwekea sumaku kiganjani bila ubishi.

Sasa kulikuwa na jambo rahisi la kufanya. Kupita katikati yao nikiwagusa mmoja mmoja kabla hawajajua. Nilikuwa na haki, nilijiambia. Ni kwa faida yao. Nikajisikia nikisema hayo moyoni, nikatambua sauti ni ya nani. Ilikuwa sauti ya Zahabu amesimama mbele ya kiti nilichosinzilia.

"Kisima kifungwe leo, hilo silijadili," nikasema. "Lakini pua ni ya mwenye pua. Nikikugusa na hii, utasikia kama ninavyosikia mimi sasa hivi. Nyumba yako itakushinda. Mkeo, mwanao, chakula chako, itabidi uvirudie kwa nguvu, kila siku, na siku nyingine utashindwa. Jana nilimwangusha mjukuu wa jirani. Sikufichi. Anayetaka aje. Asiyetaka, sitamgusa, wala msimseme."

Kisha Mwanaisha, mwenye pacha wachanga, akasema, "Bibi, mimi niache. Sina pa kuwapeleka hawa. Nikiwachukia nitakuwa na nini?" Nikamwambia, haya, mama. Wengine wakainamisha vichwa, wako upande wake.

Mzee Mhina akanyanyuka.

"Niguse, shemeji. Nilimzika mke wangu jana nikicheka. Nataka nimzike tena."

Nikamgusa. Nikamkalisha karibu na lango la ua, nikamshika bega, tukangoja. Taratibu pua yake ikajikunja, mdomo wa juu ukapanda, shingo ikarudi nyuma. Akatapika kwenye mchanga, akafuta mdomo, akainuka akaenda chumbani alikolala Mwanakombo. Tukasikia akilia humo ndani, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Na nyuma yangu mtu wa pili alikuwa ameshasimama, na wa tatu.

Zahabu akanisogelea. Alikuwa ameitupa leso. Uso wake ulikuwa umekunjwa na uvundo wetu na hakujaribu kuuficha, machozi yanamtiririka, na akanikumbatia kwa nguvu kama alipokuwa mdogo akiota ndoto mbaya.

"Nisamehe, Mama. Mama, unanisikia?"

Nilimsikia. Mikononi mwake, shingoni, kwenye nywele, Ijumaa zote zile zilikuwa zimemganda: ndimu. Harufu safi, nzuri, ya kutilia pilau. Katika mtaa mzima uliooza ilikuwa ndiyo harufu pekee njema. Lakini lozi halijui njema, linajua tu ilikuja na nini.

Pua yangu ikajikunja. Mdomo wa juu ukapanda. Nilijaribu kuuzuia, wallahi nilijaribu, yeye ni mwanangu wa pekee, nikafumba macho nikajivuta nirudi kwake kama nilivyoirudia fulana ya baba yake. Nikashindwa. Nikageuza uso.

Naye, kwa kuwa anasikia, aliuona.